Maji Katika Kabureta ya Kerrow

Nina gereji hapa Iftin, Garissa, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kabla hujanicheka, jua kwamba mimi ni mtu wa Meru, mtoto wa mzee wa kanisa, na siamini majini. Gari likikataa kuwaka, lina ugonjwa, na ugonjwa una sababu. Ninayosimulia hapa yalimpata jirani yangu Filsan, auzaye maziwa ya ngamia ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Nilikuwa chini ya lori la mtu, mafuta hadi kwenye nyusi, nikaona miguu ya Filsan imesimama.

"Fundi, toka huko chini. Nataka uamshe gari ya baba."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Kimarekani ya mwaka 1956, boneti la mviringo, injini ya silinda nane. Marehemu mzee Kerrow, baba yake, aliitumia kubebea bidhaa hadi mji wa Kutulo enzi ambazo barabara ilikuwa mchanga mtupu. Ilikuwa imesimama uani kwao mtaa wa Waberi karibu miaka arobaini. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kabureta.

Niliagiza moja kutoka Nairobi. Ya kuiga, mpya, inang'aa kama sufuria ya harusi. Iliwasha gari, siwezi kudanganya. Lakini jua la saa sita lilipopanda, petroli ilichemka ndani yake, pikapu ikakohoa na kuzima. Bati lile jepesi halikuumbiwa Garissa.

"Ningeipata ile ya asili, hata ikiwa na kutu, ningeitengeneza," nikamwambia.

Filsan alivuka barabara akarudi kwa maziwa yake. Kesho yake akaja na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha sanda.

"Baba alitoa yeye mwenyewe. Alisema isirudi kwa gari mpaka kiyama."

"Sasa mbona umeileta?"

"Kwa sababu mimi nimekataa."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Lakini fundi akiona chuma kizuri, akili huhama. Niliiosha, nikapuliza matundu yake yote, nikabadilisha gasketi, nikaifunga. Injini ilinguruma mara moja, sauti nene, tamu, hata nikacheka peke yangu. Baada ya dakika kumi ikazima.

Nilifungua bakuli la kabureta. Limejaa maji.

Petroli iliyochanganywa na maji si jambo geni. Nikakagua tanki. Petroli safi. Mipira ya mafuta, safi. Nikamwaga, nikafunga, nikawasha. Dakika kumi, ikazima. Maji tena. Mara ya tatu nilichovya kidole nikakilamba. Yalikuwa maji matamu, yenye ladha ya moshi.

Filsan aliinama akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni maji ya chombo ya watu ya ngamia," akasema polepole. "Mama anafukiza chombo na kuni ya moto, maji inakuwa na moshi hivi."

Ndipo akaniambia alichoambiwa na baba yake siku yake ya mwisho. Mwaka wa ukame mkubwa, rejeta ya pikapu, tangi la maji ya kupoza injini, ilikauka njiani. Kando ya barabara alikuwepo mwanamke mwenye mtoto mchanga na chombo kimoja cha maji. Alimpa Kerrow maji yote, naye Kerrow akayamimina kwenye rejeta. Kerrow akamwambia: nitarudi na maji jioni. Akafika mjini, akalala, akapakia mzigo mwingine wa upande wa pili. Alirudi siku ya tisa. Wapita njia walikuwa wameshawazika, mafungu mawili ya mawe, moja kubwa na moja dogo. Tangu siku hiyo, kila akifika hapo injini ilizima, na kabureta ilikuwa na maji. Akaing'oa, akaiegesha pikapu, akakaa kimya maisha yake yote.

"Siku ya kufa alikunywa mtungi mbili, fundi. Na bado alikufa akilia kiu." Akainua dumu la lita tano alilokuwa akilibeba kwapani wiki nzima. "Tangu tumzike, ni mimi."

 "Turudishe ile ya kuiga," nikasema haraka. "Ile haina maji."

"Na kiu yangu utarudisha wapi? Sheikh amesoma, nimeshukuru, kiu iko. Baba alikimbia. Wallahi mimi sikimbii. Funga ya zamani."

Jumamosi asubuhi tulipakia mapipa mawili ya maji na chombo cha marehemu mama yake, tukashika barabara ya Kutulo. Ile kabureta ya kuiga nilikuwa nimeikausha, nikaitia kwenye boksi lake, nikalizungushia utepe na kulificha chini ya kiti. Niliogopa, basi. Ikiwa mambo yangeharibika, ningeibadilisha tukimbie.

Kwa muda wa saa mbili pikapu ilikwenda bila kukohoa, kana kwamba inajua inakokwenda. Kisha ikazima. Sikuhitaji kuuliza tuko wapi, mafungu ya mawe yalikuwa pale. Jua la utosini. Hakukuwa na upepo. Hata nzi hakuwepo.

Filsan alijaza chombo, akakiweka kati ya mafungu yale mawili.

"Kerrow amerudi," akasema. "Mimi ni damu yake. Hii maji ni yenu."



Kisha maji yakaanza kushuka. Hayakumwagika. Chombo hakikuvuja. Yalishuka kwa mafunda, na kila funda lilikuwa na sauti ya koo. Koo la mtu mzima. Halafu koo dogo.

Nilikimbilia kiti, nikavuta boksi. Nikafungua boneti. Nikatia spana kwenye nati ya kabureta. Nyuma yangu, karibu kabisa, mtoto akakohoa.

"Weka spana chini, Silas," Filsan akanong'ona bila kugeuka. Hakuwahi kuniita kwa jina.

Nikaiweka.

Alijaza tena. Yakaisha. Akajaza tena. Mara saba. Mara ya nane maji yalitulia, hayakushuka hata kidogo. Filsan akashika koo lake, akafumba macho, akatabasamu huku analia.

"Imeisha," akasema. "Kiu imeisha."

Pikapu iliwaka kwa mguso mmoja. Nami kwa woga, na kwa adabu niliyofundishwa na mama, nikachungulia dirishani nikaaga kama tunavyoaga watu kokote: "Haya mama, tutarudi."

Filsan akakanyaga breki. "Umesema nini?"

Neno lilikuwa limeshatoka, lile lile la Kerrow.

Siku hizi anasambaza maziwa kwa pikapu hiyo, kabureta ya asili, na hakuna hata tone la maji ndani. Wanaume wa sokoni wanamwambia auze gari la laana. Anawapigia honi.

Jumatano iliyopita nilitoa boksi nirudishe ile ya kuiga dukani Nairobi. Utepe ulikuwa kama nilivyouzungusha, haujaguswa. Niliukata. Bakuli lilikuwa limejaa maji, hadi ukingoni, yananuka moshi. Nikayamwaga. Asubuhi yakawa yamejaa tena. Tangu hapo nimekunywa dumu baada ya dumu, na ulimi bado unanata kwenye kaakaa.

Mke wangu Abigael analia, anataka turudi Meru kwa maombi. Aombe, nami nitasema amina. Lakini mimi si Kerrow. Nilisema nitarudi, na kesho narudi. Mapipa yamejaa, Filsan ataendesha, na ameniapisha kwamba safari hii nikimaliza nitaondoka bila kuaga.

Kabureta ya kuiga iko hapa mbele yangu juu ya meza. Niliimwaga nilipoanza kuandika haya. Sasa imejaa.