Sukari Aliyoificha Ogle

Ndugu zangu, tamaa haibishi hodi. Asubuhi moja ya mwaka 1966, hapa Garissa, bibi yetu Kaaha alikuwa akifukiza vyombo vya maziwa, na mumewe Ogle akifungua duka lake la mabati. Mtoto alikuwa amelala. Ungedhani hakuna vita.

Lakini vilikuwapo. Malori yaliogopa njia ya Modogashe, bei zikapanda, na Ogle akaficha magunia ya sukari na tende chumbani, nyuma ya mikeka.

Jirani yao Rukiyo akaja. "Walaal, ndugu yangu, binti yangu amejifungua. Nipe kikombe kimoja cha sukari, mzazi anywe chai."

"Wallahi, sina hata punje."

Kaaha aliyasikia. Kumwapia Mungu kwa ajili ya sukari! Rukiyo alipoondoka, akanong'ona, "Mpe, Ogle. Naogopa kiapo hiki."

"Ngoja mwezi ujao uone bei," Ogle akacheka.

Mwezi ujao, wasomaji wangu! Adhuhuri hiyohiyo askari waliuzingira mtaa, wakiwasaka shifta, wale waasi wenye silaha. Kaaha alimkumbatia mtoto. Sajini Munyao akavuta mikeka.

"Mzee, magunia haya ni ya nani?"

"Ya duka, afande!" Ogle akajibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Mimi nauzia watu ya hapa tu!"

Sajini akamgeukia Rukiyo, aliyekuwa amesimamishwa mlangoni. "Mama, mzee huyu huwauzia ninyi?"

Kaaha alimtazama kwa macho ya kumsihi. Rukiyo aliitazama bunduki, akasema alichokijua, naye kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Leo yeye nasema wallahi, sukari hapana."

"Kumbe raia hawauziwi! Unamwekea nani, kama si shifta?"

Askari wakamshika Ogle mikono. Akapandishwa lori. Kaaha alilikimbilia akipiga mayowe mpaka vumbi likamficha mumewe, na hakumwona tena.

Jioni Rukiyo alikuja na maziwa ya mtoto, akilia. "Niliogopa, walaal. Ningesema nini?"

Kaaha akayapokea maziwa. Rukiyo hakuwa amesema uongo.

FUNZO

Tamaa mbele, mauti nyuma. Ogle hakuwahi kumlisha shifta hata tende moja, lakini nani angemtolea ushahidi? Wenye duka, msiwafiche majirani bidhaa siku za dhiki, wala msiapie uongo. Hofu ikifika mlangoni, jirani uliyemnyima ndiye atakayeulizwa habari zako.