Sinki Nyuma ya Mlango

Kila Jumanne saa mbili asubuhi, Mwalimu alifungua madirisha ya maabara, akaweka ndoo ya maji safi kando ya kila meza, kisha akaanza kugawa miwani ya kinga. Glavu hakugawa kwa sababu hazikuwepo. Ombi la kuzinunua lilikuwa mezani kwa mkuu wa idara tangu muhula uliopita, likikomaa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingia wakipiga soga. Mtunza maabara, ambaye wote walimwita Mzee Koleo, alikuwa ameshaweka karatasi ya maelekezo juu ya kila meza. Maelekezo hayo yalitoka kwenye kitabu cha kemia alichokiandika Mwalimu mwenyewe. Kilikuwa kitabu huru. Hakiuzwi. Yeyote anakisoma mtandaoni, anakichapa, hata kukibadilisha akipenda, mradi aache jina la mwandishi na aseme yeye ni nani na amebadilisha nini.

Jumanne hiyo alikuwa amefika meza ya tatu na miwani yake aliposikia kitu kikichemka, kisha ukelele.

Katika meza ya mbele, mwanamke mtu mzima kuliko wenzake, ambaye darasa zima lilimwita Shangazi, alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pake. Hakuigusa. Alikimbia hadi nyuma ya mlango, akajibamiza kwenye kabati refu la chuma, akabaki pale akilipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mwalimu alimfuata, akamrudisha, akauzamisha mkono wake ndani ya ndoo.

"Mimi nimefuata ilivyoandikwa," Shangazi alisema, meno yakigongana. "Mwalimu, nimefuata mstari kwa mstari."

Mwalimu akaisoma karatasi. Ilisema: mimina maji ndani ya asidi. Anayeanza kemia hufundishwa kinyume chake kabla ya kitu kingine chochote. Asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, polepole, la sivyo huchemka na kuruka.

"Samahani," alisema Mwalimu. Aliendelea kulisema neno hilo siku nzima, hata kwa watu ambao hawakumuuliza kitu.

Kaka yake Shangazi alikwenda polisi jioni hiyo. Jumatano asubuhi Inspekta alifika chuoni, mwanamke mfupi asiyependa hotuba. Kwa bahati mbaya alianzia ofisi ya Profesa, mkuu wa idara.

Ukuta mzima wa ofisi hiyo ulikuwa rafu ya vitabu. Inspekta alipousogelea aliona kuwa ni kitabu kimoja. Kilikuwa kimerudiwa toka kona hadi kona, na nyuma ya kila nakala kulikuwa na picha ya Profesa enzi ambazo nywele zilikuwa bado zinamtii.

"Miaka yote hiyo wamesoma hiki," alisema Profesa. "Hakuna aliyeungua. Kisha akaja binti mmoja na kitabu cha bure. Afande, kitabu ambacho kila mpita njia anaweza kuandika humo, hicho si kitabu. Ni ukuta wa choo cha stendi."

"Nimefungua kitabu chake kwenye simu," alisema Inspekta. "Humo imeandikwa sawasawa, asidi ndani ya maji."

"Atakuwa amekirekebisha jana."

"Kila badiliko linaonekana, na tarehe yake. Ukurasa huo haujaguswa muhula huu wote." Inspekta akamsogezea karatasi iliyotoka meza ya mbele. "Hii ndiyo iliyobadilishwa. Isome, Profesa. Wewe ndiye mtaalamu."

Profesa aliisukuma kwa ncha ya kalamu. "Sijaisoma na sitaisoma. Takataka sisomi. Kesho saa tisa kamati itakutana. Binti atakwenda nyumbani, kitabu chake kitatupwa, na changu kitarudi. Basi."

"Na maabara? Nani anaisimamia?"

"Mimi. Kila wiki naingia na kukagua kwa macho yangu mwenyewe."

"Kila wiki?"

"Afande, kazi haina mjomba."

Inspekta alimkuta Mwalimu kwenye chumba cha walimu, amekaa pembeni ya kiti kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine. Alieleza kwa sauti ndogo. Jumatatu jioni alichapa karatasi na kuziacha juu ya meza ya ofisi ya idara, kama kawaida, ili Mzee Koleo azichukue asubuhi. Hakuzitazama tena.

"Ofisi hiyo inafungwa?"

"Mlango wake haufungiki vizuri. Yeyote anaweza kuingia." Alikunja vidole. "Lakini huenda nilikosea mimi. Nilikuwa nimechoka. Samahani."

"Nani hakipendi kitabu chako?"

Mwalimu alifikiri kama mtu anayechagua nani wa kumpunguzia lawama. "Hakuna anayekichukia," alisema. Inspekta akaandika: hajui kusema uongo.

Nje ya lango la chuo kulikuwa na duka la vitabu. Mwenyewe alijulikana kama Bei Moja, kwa sababu hakuwahi kumpunguzia mtu. Jumatatu jioni alikuwa ameonekana ofisi ya idara akipeleka karatasi za kuchapia.

"Dada yangu," alianza, "mimi ni mfanyabiashara, si muuaji."

"Hajafa mtu."

"Basi hata nusu muuaji siyo. Ndiyo, kile cha bure kimeniumiza. Angalia." Alionyesha lundo la vitabu vya Profesa lililogeuzwa kuwa meza ya birika la chai. "Lakini mimi kemia naijulia wapi? Ukiniambia asidi iingie majini au maji yaingie asidini, kwangu ni mtu na shemeji yake."

"Umewahi kuingia maabara?"

"Sijawahi. Hata nyumbani kwangu kuna vyumba sijawahi kuingia. Mke wangu anaweza kukuthibitishia."

Mzee Koleo alipoitwa hakuwa na utani. Watu wengine walishaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye aliyezibeba karatasi, na kwamba mwezi uliopita alimfokea Mwalimu kwa sababu ya ndoo.

"Nilimfokea, ndiyo," alisema. "Ndoo moja kila meza, asubuhi nazijaza mimi, na mgongo ni huu huu. Lakini yule ni kama mwanangu, nikimfokea leo, kesho namletea chai. Karatasi nilizibeba. Kuzisoma si kazi yangu."

"Kwa nini ndoo? Maabara haina maji?"

"Bomba lilipasuka mwaka juzi, afande. Sinki wakaling'oa, wakaweka kabati mahali pake. Tukaambiwa subirini. Tunasubiri."

Inspekta hakuandika chochote. Alikwenda moja kwa moja hospitali.

Shangazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Kitandani kwake kulikuwa na simu, na kwenye simu kitabu cha Mwalimu, sura ya pili.

"Bado unakisoma?" Inspekta aliuliza.

"Mtihani hausubiri mkono, mama. Halafu ndicho kitabu cha kwanza cha sayansi kinachozungumza na mimi kama mtu." Alifunga macho kidogo. "Watamfukuza?"

"Kesho saa tisa, wakipenda. Niambie kitu kimoja. Ndoo ilikuwa miguuni pako. Ulikimbilia nini nyuma ya mlango?"

"Karatasi ilisema. Mstari wa mwisho kabisa."

Inspekta aliikunjua karatasi. Mstari wa mwisho ulisema: *ukirukiwa, osha mkono mara moja kwenye sinki nyuma ya mlango.* Akafungua ukurasa uleule kwenye simu ya mgonjwa. Mstari wa mwisho wa kitabu ulisema: *ukirukiwa, zamisha mkono kwenye ndoo iliyo kando ya meza yako.*

"Mimi ni mgeni pale," alisema Shangazi. "Kabla ya jana nilikuwa sijakanyaga maabara yoyote. Nilidhani sinki lipo, mimi ndiye nisiyeliona."

Alhamisi mchana, kabla ya kamati kukutana, Inspekta aliwakusanya watu wanne kwenye korido mbele ya mlango wa maabara. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo alikuwa nao yeye. Bei Moja alikuja na kiti chake mwenyewe. Mzee Koleo alisimama wima. Mwalimu alijibana ukutani. Profesa alitazama saa.

"Nina kamati," alisema.

"Tutaiwahi. Profesa, uliniambia unaikagua maabara hii kila wiki."

"Nimesema na narudia."

"Na ile karatasi hukuisoma."

"Wala sina hamu."

"Vizuri." Inspekta aliinua mkono wake wa kulia. "Tuseme niko humo ndani. Asidi imeniunguza. Nikimbilie wapi?"

Profesa alishusha pumzi ya mtu aliyeulizwa swali la chekechea. "Kwenye sinki, afande. Nyuma ya mlango. Hata mtoto angejua."

Mzee Koleo aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Bei Moja, ambaye hakuelewa, alielewa kwamba kuna kitu cha kuelewa, akanyamaza kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Inspekta aliufungua mlango. Nyuma yake lilisimama kabati la chuma, na usawa wa bega la mtu palikuwa na bonyeo dogo, pale Shangazi alipojibamiza.

"Karibu ukague," alisema Inspekta.

Profesa hakuingia. Alilitazama kabati lile kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyekalia kiti chake.

"Aliyebadilisha karatasi anajua kemia, kwa hiyo si muuza vitabu," alisema Inspekta. "Anadhani sinki bado lipo, kwa hiyo si Mwalimu anayepanga ndoo wala Mzee anayezijaza. Ni mtu anayeijua maabara hii kwa kumbukumbu za zamani, na anayesema huingia kila wiki. Kitabu kile kinamruhusu yeyote kukibadilisha, Profesa. Kinaomba adabu moja tu, aseme yeye ni nani. Hilo ndilo hukuliweza."

"Sikutaka aungue mtu." Sauti ya Profesa ilikuwa imepungua kimo. "Nilijua kutakuwa na mvuke, kelele kidogo, watu washtuke. Basi. Ndiyo maana niliandika pa kuoshea. Mtu mbaya angeandika pa kuoshea?"

"Ulimwonyesha njia ya kukimbilia," alisema Inspekta. "Ikaishia kwenye chuma. Daktari anasema ule muda alioupoteza pale ndio uliochimba mkono wake. Tena ombi la glavu lilikuwa mezani kwako, linangoja sahihi."

"Ninyi hamjui." Profesa aliwageukia wote, hata Bei Moja. "Zamani nikipita korido hii walisimama. Muhula huu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameniuliza, 'Mzee, unamtafuta nani?' Mimi. Katika idara yangu. Hawanijui, kwa sababu hawakinunui kitabu."

"Hicho ndicho kilichokuuma?" aliuliza Mzee Koleo. "Hicho tu?"

Inspekta alisema ripoti yake itafika kwenye kamati kabla ya saa tisa, na kwamba Profesa hatafika huko, wataondoka wote wawili kuelekea kituoni. Profesa aliikubali habari hiyo kwa kichwa. Kisha akamwelekea Mwalimu, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa upole.

"Binti yangu, wewe ni mwanafunzi wangu. Nilikufundisha mimi, kwa kitabu changu. Waambie. Angalau waambie kilikufikisha ulipo."

Mwalimu alifungua mdomo. Wote waliliona neno lake la kila siku likija, "samahani," limeshafika kwenye midomo. Akalimeza. Aliachana na ukuta, akasimama katikati ya korido.

"Kitabu chako kilikuwa kibaya, Profesa," alisema. "Nilikisoma mara nne. Nilikuwa nalala nacho. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye mjinga."