Chumba cha Nne cha Ghala

Ghala la kompyuta halikulala. Usiku na mchana, katikati ya mji wa Makambako, lilikula habari zote za Chuo Kikuu cha Kipengere: nani kapita getini, nani kaazima kitabu, nani kabakiza wali kwenye sahani, nani kaenda zahanati kuomba dawa ya kifua. Lilizipepeta na kuzipanga, na wakubwa walipoingia na vikombe vyao vya chai, ukuta mzima wa ukumbini, ulioitwa Kioo cha Maamuzi, ulikuwa tayari unawaambia somo lipi lifutwe na mwanafunzi yupi hafai kupotezewa muda.

Asubuhi moja ya baridi, Mzee Zakayo Mwalongo, fundi uashi, alisimama mbele ya ukuta huo, kofia mkononi. Jina la marehemu mkewe, Twilumba, liliwaka kwa rangi nyekundu chini ya neno WATORO.

"Mke wangu hakutoroka," alimwambia Sekela, mhandisi aliyelitunza Ghala. "Alikufa. Alikuwa anasomea ukunga, nimemzika mimi. Sasa watu wananiuliza, hivi mkeo shule ilimshinda? Nataka jina lake litoke hapo."

"Pole sana, baba. Ila Ghala lina vyumba vitatu tu: anasoma, amehitimu, ametoroka. Asiyeingia viwili vya kwanza linamtupa cha tatu."

"Na wanaokufa?"

"Wakubwa hawakuagiza chumba chao."

"Wataagizaje? Wao hawafi, wanastaafu."

Sekela alicheka bila kupenda, kisha akaligeukia Ghala. "Twilumba Mwalongo yuko wapi?"

"Ametoroka," Ghala lilijibu, kwa sauti laini kama ya mtangazaji wa redio.

"Yu hai?"

"Hapana. Alifariki kwenye ngazi akielekea darasani. Taarifa ya zahanati ninayo."

"Kumbe unajua," Zakayo alisema, "na bado unamwita mtoro."

"Sikuulizwa kama yu hai. Niliulizwa kama anahudhuria."

Sekela aliuliza tena, polepole, kama anayefungua bandeji: kabla ya hapo lilimwonaje? Ghala halikuficha kitu. Lilimwona akizidi kuchelewa kwenye ngazi kila wiki. Lilimwona akirudisha chakula. Lilimwona zahanati, akipewa dawa ile ile ya kikohozi. Likajumlisha yote, likatabiri kwamba huyu ataacha masomo, na kama lilivyoagizwa, likamtumia ujumbe.

Zakayo aliukumbuka ujumbe huo. Twilumba aliusoma akiwa kitandani, shuka limemfika kidevuni: *Mahudhurio yako yanashuka. Ongeza bidii.*

"Leo pumzika, mama," Zakayo alimwambia.

"Watanipokonya nafasi, mume wangu. Nipe viatu."

Zakayo alimfunga kamba za viatu mwenyewe, maana Twilumba akiinama alikosa pumzi.

"Walikuwa na macho yote haya," Zakayo alisema sasa, "wakayatumia kuchunga viti."

Bila kumwomba mtu ruhusa, Sekela alijenga chumba cha nne, akakiita *Waliofariki*, na jina la Twilumba likahama kutoka kwenye wekundu. Hilo ndilo lililomleta Zakayo, na alikuwa amelipata, lakini miguu yake ilikataa kuondoka.

"Binti yangu, hebu liulize hilo zimwi lako. Nani mwingine sasa hivi anapanda ngazi kama yeye?"

Sekela alimtazama, kisha akaliuliza Ghala.

"Ezelina Mhagama, mwaka wa pili, uhasibu. Yuko ngazi za maktaba. Amesimama tena. Ujumbe wa kumhimiza unaandaliwa."

"Usiutume," Sekela aliliamuru. "Waite wauguzi wapeleke machela maktaba. Na uniunganishe naye kwa simu."

Simu ilipopokelewa ilisikika pumzi tu, ya kuvutwa kwa shida. Zakayo akaichukua simu mkononi mwa Sekela.

"Mwanangu Ezelina," alisema, "hunijui wala sikujui. Kaa chini hapo hapo kwenye ngazi, usipande tena. Leo hakuna atakayekuita mtoro. Tunakuja."