Laptop Nyembamba ya Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi zake nyumbani kwa shangazi: kukunja nyaya, kufuta lenzi kwa kitambaa laini, kuchaji betri za kamera, na kuongea. Hiyo ya mwisho hakuagizwa na mtu. Jina lenyewe la Chiriku alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake. Shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, alipenda kumtania, "Mwanangu, maneno yako yangekuwa umeme, nyumba hii tusingelipia bili."

Jumamosi hii hapakuwa na utani. Kompyuta kuukuu ya shangazi ilikuwa imekata roho jana yake, na harusi aliyoipiga wiki iliyopita bado haijahaririwa. Kesho jioni bibi harusi angesafiri mbali na mumewe. Nyanya yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani na hakuweza kufika harusini, alikuwa na ombi moja tu: aitazame video hiyo akiwa ameketi na mjukuu wake.

"Nimeshawapa neno langu," shangazi alisema. "Tunanunua laptop leo leo, na iwe ya kubeba kazi, si ya kuandikia barua." Akamkabidhi Chiriku diski yenye programu ya kuhariri na video za harusi. "Sheria yangu unaijua. Mashine hainunuliwi kabla haijabebeshwa mzigo wangu. Kata video, ziunganishe, uone kama inakwama."

"Hiyo niachie mimi, shangazi!"

Dukani, muuzaji kijana aliwaonyesha laptop nyeusi. "Kwa video, chukueni hii. Ina RAM kubwa, prosesa yenye nguvu na kadi yake ya picha." Mara simu ya shangazi ikaita. Alikuwa mama wa bibi harusi, naye shangazi akatoka nje kumsikiliza.

Chiriku aliitazama ile laptop. Lo! Nene kama tofali! Shangazi alikuwa amemwahidi kwamba Jumatatu angeibeba shuleni, kwenye klabu ya filamu. Alijiona akilitoa tofali lile mbele ya wenzake, akasikia na vicheko vyao. Pembeni kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya rangi ya fedha, inang'aa.

"Na hii, kaka?"

"Hiyo inafaa kuandikia na kusoma habari. Video nzito zitaikalisha chini. Ngoja nilete waya wa umeme tuzijaribu zote mbili." Akaingia stoo.

Shangazi alirudi mbio mbio. "Wanauliza video itakuwa tayari lini. Umejaribu?"

Ulimi wa Chiriku ulitangulia akili. "Nimejaribu. Hii ya fedha ndiyo bora."

"Kwa video zangu?"

"Zimeteleza kama maji!"

Shangazi alimwamini, akaenda kulipa kwa mama mwenye duka. Muuzaji alitoka stoo na waya mkononi, akashangaa. "Mmechukua hiyo?"

"Shangazi ndiye ameitaka," Chiriku alinong'ona. Muuzaji akainua mabega tu.

Nyumbani, mwanzo ulikuwa mwema. Lakini shangazi alipoanza kuunganisha video, feni ya laptop ilivuma, kisha picha ikaganda. Bibi harusi alibaki mdomo wazi mbele ya kipande cha keki. Shangazi akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Ikaganda palepale. Jasho lilimtoka.

"Si ulisema ziliteleza?"

Huo ulikuwa wakati wa kusema kweli, naye Chiriku akauacha upite. "Pale dukani ziliteleza, shangazi."

"Basi yule kijana katubadilishia mashine! Simama, twende!"

Walifika wakati duka linakaribia kufungwa. Shangazi aliiweka laptop mezani na sauti yake ikasikika hadi barabarani. "Mnatuuzia moja, mnatufungashia nyingine! Kesho nitamwambia nini yule mgonjwa?"

Mama mwenye duka alimgeukia muuzaji, uso umemkunjamana. "Nilikuonya kuhusu malalamiko ya wateja. Weka funguo hapo, uende zako."

"Mama, sikubadilisha kitu. Hata hatukuijaribu..."

"Ina maana mtoto wangu ni mwongo?" shangazi alifoka.

Muuzaji alimtazama Chiriku. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

Chiriku, bingwa wa maneno, aliyatafuta maneno asiyaone. Akinyamaza, kaka wa watu anakosa kazi. Akisema, shangazi atamwonaje?

"Si yeye!" alilia. "Ni mimi! Sikuijaribu. Yeye alisema tuchukue nyeusi, mimi nikaiona nene kama tofali, nikaipenda hii kwa sababu inang'aa. Nimekudanganya, shangazi."

Chiriku alingoja kofi, lakini shangazi hakumgusa, wala hakumtazama. Alimgeukia muuzaji. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu bila kosa lako." Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko kofi.

Mama mwenye duka alizisukuma zile funguo kwa kijana wake. "Nami niwie radhi. Hasira zimenitangulia." Kisha akaishika ile laptop ya fedha, akaguna. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Irudi kabatini. Mleteeni ile nyeusi, na huyu binti aijaribu kwa mkono wake."

Chiriku aliifungua diski, akakata, akaunganisha, wote wamemsimamia. Feni ilivuma. Akaacha kupumua. Video ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho bila kukwama.

Shangazi alihariri usiku kucha, na kesho yake mchana nyanya wa bibi harusi aliegemea mito, amemshika mjukuu wake mkono. Alicheka, akalia, akaomba warudie pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Hakuna aliyeuliza kwa nini laptop ni nene.

Walipokuwa wakifungasha laptop na kamera waliyompigia nyanya picha, shangazi aliuliza, "Lenzi umeifunika?"

"Nimeifunika, shangazi."

Shangazi aliufungua mkoba, akatazama mwenyewe. Hakuwa amewahi kufanya hivyo hata siku moja. Machozi yalimlengalenga Chiriku.

"Lakini nimeifunika kweli."

"Naona," shangazi alisema kwa upole. "Sikuchukii, mwanangu, na jana ulipata ujasiri wa kusema kweli. Lakini laptop mbaya tuliirudisha dukani. Neno la uongo halina duka la kurudishwa. Mtu akishalisikia, kila neno lako lazima alijaribu kwanza, kama mashine."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka uniachishe wewe mwenyewe, kwa kusema kweli kila siku." Akamning'iniza mkoba wa laptop begani. "Haya, beba. Kesho ndilo hilo tofali utakalopeleka shuleni."

Mkoba ulikuwa mzito. Chiriku aliubeba hadi nyumbani bila kulalamika.