Zawadi za Nahodha Tristani

Enzi zile Wareno walipokwisha kuichoma miji ya pwani yetu na kuanza kuwania biashara ya Wajapani, aliingia katika mji wao mkuu, Miyako, mtu mweusi, mrefu, amevaa kanzu na joho, jambia kiunoni. Huyo alikuwa Mwinyi Madi wa Pate. Yeye na mdogo wake, Shekue, walitekwa siku mji wao ulipoanguka, na sasa Shekue alikuwa amefungwa minyororo ndani ya merikebu ya Nahodha Tristani, Mreno aliyewateka, katika bandari ya kusini.

"Mpelekee mtawala wa Miyako zawadi zangu," nahodha alikuwa amemwambia, akimrudishia joho na jambia lake. "Ukirudi, nyote wawili mko huru."

Madi hakumwamini hata chembe. Lakini alikwenda.

Zawadi zikapokewa langoni: pembe za ndovu, zabadi ya kunukia, na bunduki yenye nakshi. Yeye mwenyewe akaambiwa asubiri kuitwa, na wakati akisubiri atembezwe mji. Akapewa mwenyeji, askari wa makamo aitwaye Gensuke, mwenye kovu shavuni, aliyejifunza Kireno bandarini. Nyuma yao walifuata watu wawili wenye mikuki, kimya.

Ni matembezi gani hayo ya kufuatwa na mikuki? Madi alipelekwa kwenye mitaa ya wafuma hariri, akavuka madaraja ya mbao, akaonyeshwa hekalu lenye mapaa matano yaliyopandana. Kwenye lango la hekalu jingine alisimama baina ya majitu mawili ya mti yaliyotoa macho, akakataa kupita.

"Mnataka niyasujudie," alisema.

"Hayo ni walinzi wa lango tu, Bwana Madi. Vua viatu, uingie ule."

Akaingia shingo upande. Chakula kilikuwa wali, mboga na maharage yaliyosagwa yakagandishwa, nyama hamna. Alikinusa kwanza, akangoja Gensuke ameze, ndipo naye akala. Kisha akaja mzee mwenye uzi, akampima mabega, kifua na urefu wa mikono. Gensuke akauliza kama amewahi kuugua, kama meno yake yote ni mazima. Mwanamke mmoja aliyepita akalowesha kitambaa na kumsugua mkono, aone kama weusi utatoka.

Madi alijizuia asimsukume. "Sanda hiyo mnanipimia," alimwambia Gensuke. Gensuke akatazama pembeni, na Madi akasadiki moyoni kwamba mtu huyu ndiye atakayekuja kumuua yeye.

Walipopanda hekalu la mlimani, ambako mji wote ulionekana chini, Gensuke aliwaamuru wenye mikuki wabaki ngazini. Madi akashika jambia lake.

"Liache hapo lilipo," Gensuke alisema kwa sauti ya chini. "Ujumbe wa nahodha wako niliufasiri mimi. Ulisema: pembe, zabadi, bunduki, na mtu anayezileta. Yule mzee anakushonea mavazi ya utumishi. Ukishaingia ikulu hutatoka. Nimekuzungusha mahekaluni kwa sababu watawa hawali nguruwe, na kwa sababu ya njia ile." Akaonyesha kijia kilichoteremka upande wa pili, kati ya misonobari. "Inafika baharini."

"Kwa nini unisaidie?"

"Mwanangu wa kwanza ameshikwa rehani na bwana mwingine. Sijamwona tangu akiwa mtoto."

Madi aliitazama ile njia. Aliitamani, kweli aliitamani.

"Nikikimbia, ndugu yangu Shekue aliyefungwa merikebuni je?"

Madi akaipa njia kisogo, akamgeukia Gensuke.

"Mtawala wako akipewa zawadi, hunyamaza nayo?"

"Kwetu ni aibu! Lazima arudishe kitu. Nahodha ameshatengewa mapanga na hariri."

Madi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pate. Mama yake hakupata kumrudishia jirani sahani tupu, hata mwaka wa njaa, angalau atie tende moja.

"Basi nipeleke," alisema.

Mbele ya mtawala alisimama wima, akasema kwa Kireno: "Pembe, zabadi na bunduki ni za nahodha, marejesho yake mpe yeye. Lakini shingo hii ni yangu, na ninayeitoa ni mimi. Marejesho yake unadaiwa nami. Nataka ndugu yangu afike kwetu."

Gensuke akafasiri. Madi hakujua neno moja la lugha ile. Yule mtu angeweza kusema lolote, angeweza kumwombea mwanawe mwenyewe. Madi aliukodolea macho mdomo wake mpaka akasikia, katikati ya maneno ya kigeni, jina la Shekue. Mtawala akainamisha kichwa kukubali, na Madi, ambaye hakulia mji wake ulipoungua, akalia pale pale mbele ya watu.

Nahodha, alipoagizwa na mtawala amwachie Shekue, alitaka ruhusa ya biashara kuliko alivyomtaka mateka mmoja, akamfungua. Shekue akasimuliwa yote na Gensuke, aliyeshuka bandarini, akapakiwa katika merikebu ya Wagujarati, na baada ya miaka akashuka Pate, mzima, amevaa joho la hariri alilopelekewa na mtawala.

Joho lile ndilo lililomponza. "Kaka yako yuko wapi?" watu waliuliza. Akawaeleza juu ya mahekalu, juu ya Gensuke na marejesho. Wakalitazama joho, wakatazamana. Aliapa msikitini. Wakamwitikia, kisha wakakataa kumwoza binti zao.

Huko Miyako walimkumbuka kwa vizazi mlinzi mweusi wa lango aliyependwa na bwana wake. Pate haikulijua hilo. Shekue alikufa akiitwa Muuza Nduguye, na jina hilo ndilo lililobaki.