Bakuli la Benedikta na Kuponi za Mama Hasina

Nyumbani kwa Mwanamkasi, mtaa wa Makorora, Tanga, chai ya asubuhi ilichelewa kila siku kwa sababu ya sukari. Maji yameshachemka, majani yameshatiwa, ndipo mtu anafunua kopo na kukuta limekauka.

"Hasina! Kimbia dukani kwa Mangi. Lete sukari robo, na mafuta ya kupima ya mia tano. Na ukipita kwa mama Benedikta, usisimame!"

"Akiniita je?"

"Mwamkie, kisha sema umetumwa."

Hasina alikuwa na miaka tisa na mdomo mwepesi. Alipenda sana kusimama kwa mama Benedikta, maana pale hakukosi chapati. Lakini mama kasema. Alikimbia.

Kwa nini mtoto akatazwe kusimama kwa jirani mwema? Sababu ilikuwa bakuli.

Bakuli lenyewe lilikuwa jeupe, lina maua mekundu ubavuni. Jirani huyo, Benedikta, alilileta siku ya Krismasi limejaa pilau hadi ukingoni. Nasi watu wa huku tunajua: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mwanamkasi akajiapia kwamba bakuli hili atalirudisha na kitu cha maana. Januari ikaja na sare na madaftari ya shule. Februari kazi za mumewe zikalegea. Bakuli likakaa juu ya kabati, na kila siku iliyopita lilizidi kuwa gumu kurudisha. Pilau ile utailipa kwa nini, baada ya miezi yote hiyo? Kwa vitumbua vitatu?

Basi Mwanamkasi akaanza kupita mlango wa uani. Benedikta akipiga hodi, yeye hujikausha jikoni. Wanawake hawa wawili walikuwa wakichagua mchele pamoja baraza moja. Sasa walisalimiana kwa mbali na kila mtu akashika njia yake. Si kwamba Mwanamkasi alimchukia. Alimpenda sana Benedikta, na ndiyo maana aliona haya.

Ramadhani iliingia hali bado ni hiyo. Jioni moja Ayubu, mumewe, fundi wa kuchomelea mageti kule Nguvumali, alirudi na karatasi yenye picha nyingi.

"Mama Hasina, wanagawa hizi mjini. Ni kuponi za ile supamaketi mpya. Unakata kijikaratasi, unaenda nacho, wanakupunguzia bei."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Moyo wa Mwanamkasi uliruka. "Idi hii," alijisemea, "bakuli litarudi." Alitafuta mkasi akakata kuponi zote, hakuacha hata moja. Asubuhi alifunga hela ya chakula ya wiki nzima kwenye pindo la kanga, akaenda mjini.

Sasa kumbuka, alikuwa amefunga. Mtu aliyefunga usimpeleke penye vyakula vilivyopangwa vikapangika, maana macho yake hula kila kitu. Kuponi ya tambi ilisema nunua pakiti tatu, akachukua tatu. Kuponi ya sosi ya nyanya ilisema nunua chupa mbili, akachukua mbili. Kulikuwa na kuponi nyingine ya pakiti sita. Akazibeba zote sita. Kisha akachukua unga na chupa ya mafuta, akaenda kulipa akijiona mjanja.

Keshia alikuwa binti mpole aitwaye Samiha. "Dada, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Hii kuponi ya unga imeisha juzi. Tarehe iko hapa chini. Na hii ya mafuta ni ya dumu la lita tano. Wewe umechukua lita moja."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Mwanamkasi aliona haya kuuliza zaidi. Aliuacha unga, akalipa vilivyobaki, akatoka.

Baada ya kufuturu, Ayubu alianza kutoa vitu mfukoni kimoja kimoja. Akaishika pakiti moja na kuigeuzageuza.

"Mama Hasina, hii nini?"

"Nazi."

"Nazi?"

"Ya unga. Unakoroga na maji tu. Ilikuwa na kuponi."

Ayubu alicheka hadi akakaa chini. "Nazi ya pakiti! Tena sita! Tanga hii! Mama yangu kule Pongwe nazi zinamdondokea juu ya banda la kuku, mke wangu ananunua nazi ya pakiti!"

Mwanamkasi naye alicheka. Kisha kicheko kikageuka kilio.

"Hela ya wiki imekwisha, Baba Hasina. Na unga hatuna."

Ayubu aliacha kucheka mara moja. Akamsogelea. "Basi, mke wangu. Mimi ndiye niliyeleta makaratasi wala sikuyasoma. Kesho nitamwomba tajiri anitangulizie kidogo. Usilie."

Hasina alikuwa kajilaza mkekani, macho kayafumba, masikio wazi.

Kesho yake mchana hodi ilipigwa mlangoni. Mwanamkasi alijikausha kama kawaida. Lakini safari hii Benedikta hakungoja kukaribishwa. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, kabeba bakuli jingine la unga mkononi.

"Mtoto kanieleza," alisema. "Tena usimguse! Nimemshika mimi mwenyewe mlangoni kwangu nikamhoji kama polisi."

"Dada Benedikta..."

"Ngoja kwanza. Nimekukosea nini? Tangu Krismasi najiuliza. Nilisema neno baya? Pilau ilikuwa na kasoro?"

"Pilau ilikuwa tamu! Wallahi tamu." Mwanamkasi alinyoosha kidole juu ya kabati. "Ni lile. Sikuwa na cha kulijazia."

Benedikta aliliangalia bakuli. Akamwangalia shoga yake. Machozi yalimlenga, lakini akaanza kwa kugomba.

"Bakuli! Yaani bakuli ndilo lililoninyima shoga yangu miezi yote hii? Mwanamkasi, ungetia hata ndimu mbili! Ungetia hata chumvi!"

"Niliona haya."

"Mficha uchi hazai, mwenzangu. Haya, lete hayo makaratasi yako tuyaone."

Benedikta alikuwa akiuza supu na chapati pale kona. Wazazi wake walitoka Lushoto, wakaja kufanya kazi kwenye mkonge, naye akazaliwa na kukulia Tanga. Miaka yote alinunua vyakula vya biashara yake kwa hela ndogo, na biashara haikufa. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akapanga kuponi sakafuni.

"Kuponi si zawadi," alisema. "Ni chambo. Mwenye duka anataka uingie ununue na usivyovihitaji. Ukishalijua hilo, unakula chambo na ndoano unaiacha."

"Naiachaje?"

"Unaanza na jikoni kwako, huanzi na kuponi. Nyumba hii inakula nini kila wiki?"

"Unga, mchele, sukari, mafuta, maharage, dagaa. Na sabuni."

"Tambi?"

"Hasina anapenda..."

"Nimekuuliza kila wiki."

"Hapana."

"Basi kuponi ya tambi ungempa mwenye kula tambi. Punguzo la kitu usichokihitaji ni hasara. Ya pili, soma tarehe kabla hujatoka nyumbani. Ya tatu, soma haya maandishi madogo. Yanakwambia ununue kiasi gani. Usipoelewa, muulize keshia kabla hujajaza kikapu. Kuuliza si aibu."

"Na wakinipunguzia, si nimeshapata faida?"

"Bado! Pitia kwanza soko la Mgandini uulize bei. Huenda bei ya kuponi bado iko juu. Na nauli nayo ni hela, usiisahau."

Mwanamkasi aliokota kuponi ya mafuta. "Hii inafaa. Kumbe mafuta ya kupima ya kila siku ndiyo yanayotumaliza. Lakini dumu zima sina hela yake kwa mara moja."

"Hata mimi sina."

Waliitazama kuponi ile. Kisha Mwanamkasi akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo.

"Dada, utotoni si tulikuwa tukila kikoa? Kila mtu analeta chake, tunapika pamoja. Kwa nini tusinunue kikoa? Wewe nusu, mimi nusu, tukifika nyumbani tunagawana."

"Ehee!" Benedikta alipiga makofi. "Hilo mimi sikuliwaza. Na hizo nazi zako nipe nimpelekee dada yangu Anastazia, Lushoto. Kule nazi hawazioni mara kwa mara. Nitakuletea maharage yake."

Jumamosi, Ayubu alipokwisha kutanguliziwa hela na tajiri wake, walikwenda pamoja. Mgandini waliuliza bei, na mchele wakaununua palepale, kwa kuwa ule wa supamaketi ulikuwa ghali hata ukitoa kuponi. Supamaketi walichukua dumu la mafuta, sukari na sabuni, kila kimoja na kuponi yake. Mwanamkasi alisimama kidogo mbele ya biskuti.

"Macho mbele," alisema Benedikta.

"Naangalia tu."

"Ndiyo inavyoanza."

Samiha alizipokea kuponi zote bila kurudisha hata moja. "Msitupe risiti, dada zangu," aliwaambia. "Huku chini kuna kuponi nyingine ya wiki ijayo."

Tangu hapo daku haikukosa sukari. Hasina hakutumwa tena usiku usiku kupima mafuta. Kila waliponunua, Mwanamkasi alichukua kile kilichopungua kwenye bei akakitia kwenye kopo la maziwa. Hapo nyuma zile shilingi zilikuwa zikipotea asijue zimekwenda wapi. Sasa alizisikia zikilia ndani ya kopo, na Ayubu akawa anamtania kwamba nyumba imepata benki.

Idi ilipofika, kopo lilinunua kuku wawili. Mama yake Ayubu alileta nazi kutoka Pongwe, nazi za kukuna, na mtaa mzima ulinukia wali na mchuzi. Mwanamkasi aliliteremsha bakuli, akaliosha, akalijaza hadi ukingoni.

"Nilipeleke mimi!" alisema Hasina, kavaa gauni jipya.

"Hapana, mwanangu. Hili nalipeleka mwenyewe."

Akatoka kwa mlango wa mbele.

Benedikta alilipokea kwa mikono miwili. Alifunua, akanusa, akafumba macho. Alimkumbatia Mwanamkasi, wakakaa hivyo hadi Hasina, aliyekuwa kafuata nyuma, akachoka kungoja.

Kisha Benedikta aliingia jikoni. Alihamishia chakula kwenye sufuria yake, akaliosha bakuli, akarudi nalo. Ndani mlikuwa na ndimu mbili na pakiti ya chumvi.

"Haya, chukua. Umeona? Halijarudi tupu."

"Lakini dada, bakuli ni lako!"

"Najua ni langu. Zamu yako kulirudisha. Na ukilificha tena juu ya kabati, nitakuja na polisi wa kweli."

Mwanamkasi alicheka njia nzima, bakuli kalikumbatia kifuani.

Kesho yake, kabla chai ya Benedikta haijaiva, hodi ilipigwa. Hasina alisimama mlangoni na bakuli la maua mekundu. Ndani mlikuwa na embe moja, na kuponi ya sabuni ambayo tarehe yake ilikuwa bado.

"Shikamoo, mama Benedikta. Mama kasema leo nisimame."