Lalise na Foleni Isiyosogea

Kahawa ilikuwa bado jikoni, na Lalise alikuwa ameshainuka kitini mara mbili. Mama mkwe wake, Zenebech, alikaa kwenye kigoda mbele ya mkaa, akimtazama tu. Kwao mjini Adama kahawa ya asubuhi hunywewa vikombe vitatu, na mtu mwenye adabu haondoki kabla ya cha tatu. Lalise alikunywa kimoja haraka, akaungua ulimi, akarudi kwenye kompyuta yake.

"Hiyo kompyuta imekuoa?" aliuliza Zenebech. "Niambie mapema, nimtafutie mwanangu mke mwingine."

"Dakika moja tu, mama. Nachungulia foleni."

"Jana ulichungulia. Juzi ulichungulia. Imesogea?"

Haikuwa imesogea. Neno lilikuwa lilelile kwenye kioo: inasubiri.

Lalise alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mimea. Alikuwa ametunga programu ya kukadiria mwendo wa kutu ya ngano. Kutu ni ugonjwa wenye vumbi la manjano. Vumbi hilo hubebwa na upepo, na likitua kwenye shamba lisilo na dawa, mkulima anavuna majani makavu. Programu ilichukua habari za upepo, mvua na joto, kisha ikachora ramani ya mahali kutu itakapofika. Lakini hesabu yake ilikuwa nzito. Kompyuta ya mezani ingeimaliza hesabu hiyo wakati ngano imeshavunwa. Kwa hiyo aliomba nafasi kwenye kompyuta kuu ya kituo cha utafiti. Hiyo ni mashine nyingi zilizounganishwa zifanye kazi moja, na watafiti wa nchi nzima huzitumia kwa zamu, kila mmoja akiwa kwake.

Sababu ya haraka yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. Baba yake, mzee Tufa, alilima ngano kwenye milima ya Arsi. Jana alikuwa amepiga simu.

"Mwanangu, kutu imevuka mto. Jirani yangu kapita shambani kwake, suruali imerudi ya manjano mpaka magotini. Dawa ya ushirika ni kidogo. Tuanze kupuliza mashamba ya juu au ya chini?"

"Nipe muda kidogo, baba."

"Mimi muda ninao. Upepo ndio hauna."

Maneno hayo yalimkosesha Lalise usingizi. Jibu lilikuwa ndani ya hesabu, na hesabu ilikuwa imekwama kwenye foleni. Kila asubuhi alifuta ombi lake kwa hasira, akaliandika upya, akaongeza idadi ya mashine. Kuomba msaada hakutaka. Alipoanza tu, aliwahi kuendesha hesabu kwenye kompyuta ya mlangoni, ambayo ni ya kuingilia na kupanga kazi tu. Watu wote wakakwama. Kituo kikamwandikia ujumbe mkali, na tangu hapo aliona haya hata kuuliza swali dogo.

"Hicho kituo si kipo hapa hapa mjini?" alisema Zenebech. "Miguu unayo. Nenda ukawaulize, uniache ninywe kahawa yangu kwa amani."

Lalise alikwenda, na njia nzima alipanga maneno ya kugombana. Akapokewa na Wubit, mhandisi ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia watafiti kuitumia kompyuta kuu. Lalise alisema yote aliyoyapanga, hata ya ule ujumbe. Wubit alisikiliza bila kumkatiza, kisha akalifungua ombi lake.

"Dada, umeomba karibu kila mashine tuliyo nayo."

"Niliogopa zisinitoshe."

"Ulishawahi kupeleka nafaka kinuni? Mwenye lori la magunia anangoja mpaka kinu kiwe kitupu. Mwenye debe moja anapenyezwa katikati. Hapa ni hivyo hivyo. Ombi dogo linaingia kwenye nafasi zinazobaki kati ya kazi kubwa. La kwako halina pa kupenya."

"Lakini nimengoja siku zote hizi."

"Hukungoja. Kila ukifuta ombi na kuliandika upya, unarudi mwisho wa foleni."

Lalise aliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akijirudisha nyuma kila asubuhi.

"Mbona hamkuandika mahali popote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tuliandika," alisema Wubit, naye akaona haya kidogo. "Tuliandika kama tunajiandikia wenyewe. Hilo ni kosa letu, na wewe si wa kwanza kunaswa."

Wakaanza upya pamoja. Wubit alimshauri ajaribu kwanza wilaya moja tu, aone hesabu inatumia mashine ngapi na muda gani. Jaribio likapenya mapema, likaisha Lalise akiwa bado anazungukazunguka chumbani. Kumbe kazi ilihitaji sehemu ndogo tu ya alichokuwa akikiomba. Wakaigawa wilaya kwa wilaya, wakaomba kiasi kilichoonekana kwenye jaribio na akiba kidogo juu yake.

"Sasa usiguse," alisema Wubit. "Mkono ukikuwasha, ukalie."

Alasiri ramani ya wilaya ya baba yake ilitoka. Lalise aliitazama kwa makini. Upepo ulikuwa unaelekea mashamba ya juu. Shamba la baba yake lilikuwa chini. Alitoka nje kupiga simu.

"Anzeni juu, baba."

"Sisi tuko chini, Lalise."

"Najua. Haya ni makadirio, yanaweza kukosea. Lakini kutu ikishika juu, ndiyo itakayowashukia ninyi. Mkiizuia kule, huenda huko chini isifike."

"Niwaambie hivyo wanaushirika?"

"Waambie, baba."

"Haya. Nitawaambia ni wewe umesema."

Siku zilizofuata Lalise hakutulia. Alifagia pasipo na uchafu, akaitazama simu kila mara. Kule kituoni Wubit naye hakukaa bure. Aliandika upya ukurasa wa kuombea nafasi, kwa Kiamhari na Kioromo cha kawaida. Sasa ukurasa humwuliza mtu kama amejaribu kazi yake kwa kipande kidogo. Humwonya kabla hajafuta ombi. Pia unaonyesha namba ya kupiga akikwama. Ujumbe ule mkali ulifutwa, ukawekwa mwingine unaoeleza kosa na namna ya kulirekebisha. Kabla ya kuutangaza ukurasa huo, aliwaita Lalise na watafiti wengine waujaribu mbele yake, na kila walipokwama akasahihisha.

Asubuhi moja Zenebech alikuwa anamimina kikombe cha pili simu ilipolia. Lalise aliishika kwa mikono miwili.

"Kutu ilifika kule juu," alisema mzee Tufa. "Ikakuta dawa."

"Na huko chini, baba?"

"Nimetoka shambani sasa hivi. Nimelizunguka lote, mstari kwa mstari. Suruali yangu imerudi na umande tu."